Wiki Ambayo Hatukupima Maziwa

Kwa miaka sita nilipima maziwa ya watu wa kijiji cha Nkunga, na katika miaka hiyo sikumpenda hata mmoja wao zaidi ya ilivyolazimu. Naliweka hili wazi mapema ili msomaji asije akanidhania mtu wa huruma. Nilikuwa nimetoka kwenye maabara ya shule ya sekondari, ambako nilikaa nikiosha mirija ya vioo na kuwafungulia milango walimu wasiojua tofauti ya tindikali na siki. Kituo cha kukusanyia maziwa kilipotangaza kwamba kinataka mtu anayejua vipimo, niliona afadhali ng'ombe kuliko walimu.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma. Ndani palikuwa na tenki la kupoozea, sinki, meza ya vigae na dirisha ambalo halikuwahi kufungwa likafungika. Kila asubuhi, kabla jua halijapata nafasi kwenye ukungu, wafugaji ishirini na kitu walijipanga nje na ndoo zao. Wengi walikuwa na ng'ombe mmoja au wawili nyuma ya nyumba, katikati ya migomba. Ndoo ilipofika dirishani nilinusa, nilitazama, kisha nilimimina maziwa kwenye mtungi mrefu wa kioo na kudumbukiza laktomita. Hicho ni kijiti cha kioo chenye uzito chini na tarakimu juu. Katika maziwa mazima kinaelea kimejiinua. Katika maziwa yaliyotiwa maji kinazama. Kikisoma kuanzia ishirini na nane kwenda juu, nilipokea bila neno. Ishirini na sita ilikuwa ukingoni. Chini ya hapo nilimrudishia mwenyewe ndoo yake, naye alinitazama kama mtu aliyeonewa.

Wote walijua kutazama hivyo. Nilimrudishia maziwa mzee wa kanisa aliyeniombea kwa sauti palepale dirishani, akimsihi Mungu anifungue macho. Nilimrudishia bwana mmoja aliyegundua kwamba ukishatia maji ukaongeza unga kidogo, kijiti hudanganyika na kupanda tena. Nilidondosha iodini kwenye maziwa yake yakageuka rangi ya wino, naye akasema labda ng'ombe wake alikula mahindi. Alilisema hilo akiwa mkavu kabisa usoni. Nadhani kufikia jioni alikuwa ameshaliamini.

Kwa hiyo niliwadharau. Na sikuona haya, kwa sababu dharau yangu ilikuwa na tarakimu. Wengine huwadharau watu kwa kabila, kwa nguo au kwa namna wanavyokula. Mimi niliwadharau kwa kipimo, nikaona hiyo ni haki.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wafugaji alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mtu mrefu, msafi, aliyesoma seminari miaka michache ujanani akatoka na tabia ya kuanza kila sentensi kwa neno "mwanadamu". Alikuwa na daftari la jalada gumu aliloandikia mawazo yake. Alilibeba hata zizini. Watu walimheshimu sana, hasa wale ambao hawakumwelewa. Mimi nilimwelewa, na hapo ndipo taabu ilipoanzia.

Jambo lenyewe lilianza kwenye mkutano wa kikundi, baada ya mimi kurudisha ndoo nne ndani ya siku moja. Wenye ndoo walilalamika. Mwalimu alisimama, akavua kofia, akatuambia kwamba amelitafakari sana suala la kupima.

"Mwanadamu amezaliwa na wema," alisema. "Ni kitu cha asili, kama mtoto anavyozaliwa na kilio. Sasa sisi kila asubuhi tunamwambia mtu huyu mwema, simama hapo, tuone kama wewe ni mwizi. Siku ya kwanza anaumia. Siku ya mia moja anakubali. Anasema, kumbe wananitegemea niwe mwizi. Anakuwa mwizi."

Watu waliguna kwa kuridhika. Hakuna kitu kinachomfurahisha mtia maji kama kusikia kwamba maji yake yametokana na laktomita.

"Mwalimu," nilisema, "waliotia maji walitia kabla sijawapima. Ndiyo maana nikayakuta."

"Walitia kwa sababu walijua watapimwa."

"Mtu anajua atakamatwa, ndipo anaiba?"

"Mwanangu," alisema kwa upole, na upole wake ulikuwa kitu cha kuudhi kuliko vyote alivyokuwa navyo, "sayansi inaona kilichomo kwenye ndoo. Haioni kilichomo kwa mtu."

Nilimjibu kwamba kilichomo kwa mtu hakiuzwi kiwandani. Wawili watatu walicheka. Lakini Mwalimu alikuwa na pendekezo, na pendekezo lake lilikuwa zuri kwa kila aliyekuwepo isipokuwa mimi: wiki moja, Jumatatu hadi Jumamosi, maziwa yapokelewe bila kipimo. Kila mtu alete kwa dhamiri yake. Gari la kiwanda lingepima tenki zima kama kawaida, na hilo lingetosha kutuambia mwanadamu ni nani. Mikono iliinuliwa, yote. Kisha Mwalimu akanigeukia.

"Na wewe utuahidi hapa mbele ya wenzako kwamba hutapima."

"Naahidi," nilisema.

Niliahidi nikiwa nimeshaamua kupima. Sikuwa na vita yoyote na nafsi yangu. Niliona kwamba ahadi iliyotolewa kwa wajinga ili kulinda ujinga haina uzito, na usiku huo nililala vizuri kabisa.

Jumatatu nilianza. Kunusa kulikuwa kumeruhusiwa, kwa hiyo nilichota kidogo kutoka kila ndoo kwa kisingizio cha kunusa, nikamimina kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa niliyoiandika namba, nikaisukuma chini ya sinki nyuma ya pazia. Foleni ilipokwisha nilijifungia, nikayapima yote moja baada ya jingine, nikachukua na joto lake, kwa sababu maziwa ya moto husoma chini kidogo na lazima uyasahihishe. Nikaandika kwenye daftari, kisha nikayarudisha kwenye tenki kabla gari halijafika saa nne.

Yote yalikuwa mazima.

Nilirudia baadhi ya vipimo. Yule bwana wa unga, thelathini. Mzee wa kanisa, ishirini na tisa. Wale wanne niliowarudishia ndoo wiki iliyotangulia, wote juu ya ishirini na nane. Ya mama mmoja tu yalikuwa ukingoni, ishirini na sita, nikayawekea alama ya kuuliza. Jumanne ikawa hivyohivyo. Jumatano ikawa hivyohivyo.

Mtu mwenye akili timamu angefurahi. Mimi nilikasirika. Nilitembea kutoka kituoni nikiwa nimekaza meno kama mtu aliyedhulumiwa. Nikajiambia kwamba wanaleta maziwa mazuri kwa sababu jambo ni jipya. Halafu nikajiambia kwamba wanaogopa kipimo cha tenki. Halafu nikajiambia kwamba wanamwonea haya Mwalimu, na haya si wema. Kila asubuhi ushahidi ulikuja, na kila mchana niliutafutia mlango wa kutokea. Nilikuwa nimewacheka wanafalsafa maisha yangu yote kwa tabia hiyohiyo, na sikujigundua.

Alhamisi, hatimaye, laktomita ilizama. Ilizama mara mbili. Chupa namba tisa ilisoma ishirini na nne. Chupa namba moja nayo ilisoma ishirini na nne.

Namba tisa ilikuwa ya yule mama wa ukingoni, mjane aliyekaa chini kidogo ya barabara na ng'ombe mmoja. Namba moja ilikuwa ya Mwalimu mwenyewe, maziwa yaliyoletwa kituoni na mkwewe kila siku, ya kwanza kabisa kwenye foleni.

Sitaficha kwamba niliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikacheka peke yangu. Ijumaa namba tisa ikasoma ishirini na nne tena, namba moja ishirini na tano. Jumamosi mjane akashuka hadi ishirini na tatu. Mwalimu akarudi ishirini na tisa, kana kwamba hakuna kilichotokea. Watu wengine wote, wiki nzima, walikuwa mazima. Ningeweza kuliandika hilo kwa herufi kubwa: watu ishirini na kitu, wasiopimwa, kwa siku sita, hawakuiba. Sikuliandika. Nilikuwa na chupa zangu mbili.

Mkutano ulifanyika Jumapili baada ya ibada, kwenye uwanja wa kituo. Mwalimu alikuja na daftari lake. Alieleza kwamba gari la kiwanda halikulalamika hata siku moja, kwa hiyo wiki ile imejibu swali ambalo wasomi wamelihangaikia tangu zamani. Alitumia neno "mwanadamu" mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuhesabu. Alipoketi, nilisimama.

"Mimi nilipima," nilisema.

Hawakunielewa mara moja. Katibu wa kikundi, mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, aliuliza, "Ulipima nini, dada?"

"Maziwa. Ya kila mtu. Kila siku."

"Uliahidi," alisema Mwalimu.

"Niliahidi."

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi. Nilitegemea hilo, na nilikuwa nimejiandaa. Nikasema kwamba wanaweza kunilaumu baadaye, kwanza wasikie. Nikasoma. Nilianza na mjane. Leo nikijiuliza kwa nini nilianza naye, najibu kwamba namba tisa ndiyo iliyokuwa ya chini zaidi. Hilo ni jibu la mtu wa vipimo. Jibu la kweli ni kwamba kuanza naye kulikuwa kama kupima kina cha mto kwa mguu wa mtu mwingine.

Walimgeukia wote kwa pamoja. Alikuwa ameketi mwisho wa benchi, mikono ndani ya khanga. Bwana wa unga, ndiyo, yuleyule wa unga, alisema kwa masikitiko kwamba huyu mama amebadilika sana tangu mume wake afariki. Mzee wa kanisa alitikisa kichwa. Mwingine akasema ndiyo maana maziwa yake siku hizi ni mengi, ingawa hayakuwa mengi. Niliyaandika mimi kila siku, na yalikuwa yanapungua. Hakuna aliyeuliza swali lolote kuhusu laktomita. Walioniita mchawi wa kioo kwa miaka yote hiyo waliniamini kwa mara ya kwanza, tena bila masharti.

"Sijamaliza," nilisema, nikasoma namba moja.

Hapo palitokea kitu ambacho nimekifikiria kuliko kitu kingine chochote nilichokiona Nkunga. Namba ilikuwa ileile. Ishirini na nne. Kijiti kilekile, mtungi uleule, mkono uleule. Lakini watu walianza kukitilia shaka kijiti.

"Maziwa ya nyumbani kwangu yanakuja yakiwa bado ya moto," alisema Mwalimu taratibu. "Kipimo chako kinajua habari za joto?"

"Kinajua, Mwalimu. Nilisahihisha."

"Ulisahihisha wewe."

"Ndiyo, mimi."

"Mtu ambaye alituahidi hatapima."

Wakatingisha vichwa. Lilikuwa pigo zuri, nakiri. Katibu akasema hivi vyombo vya kioo navyo huchoka. Mzee wa kanisa akasema siku mbili si kitu, mbona Jumamosi yalikuwa mazuri. Ghafla nilikuwa nimezungukwa na wataalamu. Walijua makosa ya vipimo, walijua tofauti ya siku na siku, walijua kwamba haifai kumhukumu mtu kwa ushahidi mdogo. Hekima yote hiyo walikuwa nayo tangu mwanzo na dakika mbili kabla hakuna aliyeikumbuka.

Ndipo mjane aliposimama. Kiswahili chake kilikuwa cha mtu aliyezoea Kinyakyusa, r zote zikilainika kuwa l, na kwa kawaida watoto wa shule walimcheka. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Kama ni maji, basi ni ya ng'ombe," alisema. "Kesho asubuhi njooni mkamue wenyewe. Mimi sitakalibia. Hata kamba sitashika."

"Sawa," nilisema. "Na kwa Mwalimu?"

Katibu alinitazama kwa uchovu. "Dada, ya Mwalimu yamesharudi kuwa mazuri. Tusitafute ugomvi."

Mwalimu hakuinua kichwa. Alikuwa anaandika kwenye daftari lake.

Asubuhi ya Jumatatu tulikwenda watu wanne: mimi, katibu, mama mmoja jirani anayejua kukamua, na Mwalimu mwenyewe, aliyevaa mabuti ya mpira na kubeba mwavuli ambao ukungu ulikuwa tayari umeulowesha. Tulishuka kati ya migomba hadi zizini. Nilikuwa na uhakika wangu mfukoni pamoja na laktomita. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kumwambia mjane, makali lakini mafupi, na maneno ya kumwambia Mwalimu, makali na marefu.

Ng'ombe alikuwa chotara mwekundu, mbavu zikihesabika. Kwenye hori mlikuwa na vipande vya mgomba vilivyokatwakatwa, vyeupe, vinavyochuruzika maji, na hakuna kingine. Mjane alisimama mbali, kwenye kizingiti cha jiko, mikono nyuma. Jirani akakamua moja kwa moja kwenye mtungi wangu. Niliyaacha yapoe, nikapima joto, nikadumbukiza kijiti.

Kilizama. Ishirini na nne kamili.

"Rudia," alisema katibu.

Jirani akakamua tena, kutoka chuchu nyingine. Nikarudia. Ishirini na tatu na nusu.

Hakukuwa na maji. Hapakuwa hata na ndoo karibu. Kulikuwa na ng'ombe anayelishwa migomba mitupu kwa sababu mwenye ng'ombe, kama jirani alivyotueleza, aliumwa mgongo wiki kadhaa na hakuweza kwenda kukata majani, na ng'ombe asiyelishwa hutoa maziwa mepesi. Hilo nililijua. Nililisoma, nililifanyia mtihani, nikashinda. Na nilipofungua daftari langu palepale zizini nikaona jambo baya zaidi: mwezi mzima maziwa yale yalikuwa yakishuka polepole, ishirini na tisa, ishirini na nane, ishirini na saba. Mtia maji hashuki polepole hivyo. Mtia maji huanguka siku moja na kuinuka kesho yake, kama chupa namba moja. Nilikuwa nimeandika ukweli kwa mkono wangu, safu kwa safu, na sikuusoma, kwa sababu nilikuwa nasubiri mwizi.

Mwalimu alikohoa. "Mnaona," alisema. "Mwanadamu ni mwema."

Nimesikia mambo mengi ya kudharaulika maishani, mengine nimeyasema mwenyewe, lakini hilo naliweka juu ya yote. Alilisema akiwa amesimama kwenye zizi la mwanamke aliyemwacha aumbuliwe jana yake bila kumtetea kwa neno moja. Kwake yeye mjane hakuwa mtu, alikuwa mfano. Angekuwa ametia maji, Mwalimu angesema ni kipimo kilichomharibu. Hakutia, basi ni asili yake njema. Hakuna kitu ambacho kingeweza kutokea pale kikamfanya Mwalimu aseme, nimekosea. Fikra isiyoweza kukosea haina kazi duniani. Haiwezi hata kupima maziwa.

Katibu kwa upande wake alikuwa anamzunguka ng'ombe akimtazama kwa wasiwasi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba labda amechezewa, si kawaida ng'ombe kutoa maji. Baada ya Mwalimu, uchawi ulinifikia kama hoja yenye heshima.

Nilimwendea mjane pale kwenye kizingiti.

"Mama, nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Nilisema umetia maji."

"Kipimo kilisema nini?"

"Kilisema ishirini na nne."

"Na leo?"

"Ishirini na nne."

"Basi kipimo hakikukosea," alisema. "Umekosea wewe." Akaingia ndani, akafunga mlango wa jiko, na tukasikia akichochea moto.

Ingekuwa hadithi nzuri kama kikundi kingemwomba radhi. Mkutano uliofuata ulitangaza kwamba mama hana kosa, kwa sauti ya kawaida, kati ya ajenda ya chanjo na ajenda ya mengineyo. Bwana wa unga alisema yeye hakuamini tangu mwanzo. Kisha ikaamuliwa kupima kurejeshwe, na kwa kuwa maziwa ya mjane yalikuwa chini ya kiwango cha kiwanda, yasipokelewe mpaka yapande. Kwa hiyo alionekana mwaminifu, na maziwa yake yakakataliwa vilevile. Mimi ndiye niliyemrudishia ndoo. Aliinua ndoo kichwani akapanda barabara kuelekea kwenye mgahawa wa chai, ambako hawana laktomita.

Kuhusu maziwa ya Mwalimu hakuna aliyezungumza tena. Nina hakika yalitiwa maji, siku mbili, labda na mkwewe, labda kwa sababu ya wageni waliokunywa chai nyingi nyumbani, labda na yeye mwenyewe akitaka kuona kama mwanadamu atagundua. Nina hakika, lakini sijui. Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba hayo mawili ni jambo moja.

Miezi michache baadaye nilikuwa mjini Tukuyu, kwenye ukumbi mmoja wa mtaa wa Bagamoyo, kwenye mkusanyiko wa watumishi wastaafu nilikoalikwa na dada yangu. Mwalimu alikuwa mzungumzaji. Alisimulia habari za wiki ile. Katika masimulizi yake kikundi kilikuwa kimekata tamaa, yeye akawaonyesha njia ya kuaminiana, na kulikuwa na mama mmoja maskini aliyeshukiwa na mtu wa sayansi asiye na imani, kisha ukweli ukamtetea. Walimpigia makofi. Hakunitaja, na sikutegemea anitaje. Nilichongojea ni kuona kama angesita mahali popote, kama angefika kwenye ile namba moja na sauti ikatetereka kidogo. Haikutetereka. Alikuwa anaamini kila neno. Niliondoka wakati wa chai.

Siku ileile nilipita kwa mfanyabiashara mmoja wa vyakula vya mifugo, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, nikanunua gunia la mashudu ya alizeti na jingine la pumba. Aliniuliza kama nimeanza kufuga. Nilimwambia hapana. Alinitazama, akaona haifai kuendelea kuuliza, akaniitia pikipiki. Mzigo ulifungwa nyuma, mimi nikabanwa katikati, tukaenda hivyo hadi Nkunga, mvua ikinichapa usoni.

Ningependa kusema nilifanya hivyo kwa wema. Sina hakika. Nilitaka kuona tarakimu zikipanda. Nilitaka pia usingizi wangu. Mambo hayo yalikuja pamoja na sijapata chombo cha kuyatenganisha.

Mjane aliyapokea magunia. Aliyapeleka zizini mwenyewe, moja moja, akiyaburuta, na nilipotaka kumsaidia alisema, "Acha." Nilimweleza kiasi cha kumpa ng'ombe asubuhi na jioni. Alisikiliza kwa makini sana, akarudia vipimo nilivyompa ili nihakikishe amevielewa. Hakusema asante. Nikasimama pale kama mtu anayesubiri chenji.

"Mama," nilisema mwishowe, "utanisamehe?"

Aliwaza. Sikumwona akijaribu kunikomoa, alikuwa anatafuta jibu kweli. "Sijui," alisema. "Ng'ombe anakula kwanza."

Baada ya wiki chache alirudi kwenye foleni. Hakunisalimia. Aliweka ndoo dirishani, nikamimina, nikadumbukiza kijiti, kikasimama ishirini na nane. Nikaandika, nikamwambia apitishe ndoo ndani. Hakuondoka.

"Soma kwa sauti," alisema.

"Nimeandika, mama."

"Siku ile ulisoma kwa sauti."

Mkwewe Mwalimu alikuwepo, bwana wa unga alikuwepo. Nikasoma kwa sauti. Akaitika "ndaga," asante ya watu wa kwetu, akachukua ndoo yake tupu akaenda zake. Kesho yake alisema vilevile, na kesho kutwa, na niliendelea kumsomea kila asubuhi kwa muda wote nilioendelea kufanya kazi pale, kuwe na mvua au kusiwe, huku foleni nzima ikisubiri na wengine wakiangalia miguu yao.